Kadi yangu ya kamera haikupotea: barua ya wazi kwa wakuu wa usalama na habari nchini Kenya

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Inspekta Jenerali wa Polisi, mamlaka inayosimamia walinzi wa kibinafsi (PSRA) na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Mombasa. Mimi ni mpigapicha wa kujitegemea, mwaka wa tisa sasa. Sina gazeti linalonilipa mshahara wala kampuni ya kunitafutia wakili. Nina kamera mbili, lenzi zilizokuwa tatu na sasa ni mbili, flashi, laptopu, na jina nililojijengea kwa akina mama wa Mji wa Kale, Majengo na Kisauni. Wao huniita harusini kwa sababu mimi ni mwanamke, na kwenye kupamba, usiku wa wanawake kabla ya harusi, mwanamume haingii. Mwisho wa wiki ambapo hakuna harusi huenda kwenye matamasha, nikapiga picha za wasanii na kuziuza kwa magazeti na kurasa za burudani. Kazi hizo mbili ndizo zinazolisha nyumba yangu.

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa nimesimama nje ya lango la nyuma la uwanja wa tamasha hapa mjini. Nasema nje, yaani barabarani, mahali anapopita muuza mahamri na tuktuk. Kitambulisho cha Baraza kilikuwa shingoni na utepe wa waandalizi ulikuwa mkononi. Gari la msanii likafika, akashuka, akawa anabishana na mtu kuhusu jambo nisilolijua. Nikapiga picha sita, labda saba. Hazikuwa na aibu yoyote. Zilikuwa picha za mtu aliyechelewa kazini.

Baunsa wa kwanza alishika mkanda wa kamera, wa pili akashika mkono wangu. "Futa! Futa hizo, sista!" Kabla sijajibu, mkanda ukakatika. Aliyewahi kuangusha lenzi anaujua mlio wake. Si kioo kinachosikika, ni chuma kizito kikigonga kabro, kisha kimya. Nilipoiokota na kuizungusha pete ya kuvutia picha karibu, ilikwaruza kama iliyotiwa mchanga. Lenzi ile niliinunua mtumba kwa shilingi 135,000, na nililipa deni lake kwenye chama, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kwa miezi 11.

Kilichoniumiza zaidi ni kidole gumba cha yule wa kwanza. Alikitelezesha ubavuni mwa kamera, akafungua kijimlango cha kadi bila kutafuta, akabonyeza, kadi zikachomoka zote mbili. Alijua zinakaa wapi. Mkono ule ulikuwa umewahi kufanya kazi hiyo. Akazitia mfukoni, akarudi ndani, lango likafungwa.

Simtaji msanii huyo. Sina ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeamuru, na sitaki barua hii iwe ya mtu mmoja. Simtaji hata mwandalizi. Nawaandikia nyinyi kwa sababu ya yaliyonikuta baada ya hapo, kwenye kituo cha polisi.

Afisa aliyekuwa kwenye meza ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, alinisikiliza vizuri, hilo nalishukuru. Nikamwekea lenzi mezani, nikamwonyesha alama za vidole mkononi. Akaniuliza, "Madam, lakini ulikuwa unampiga picha ya nini?" Nikamweleza. Akasema, "Hii mambo ya mastaa mtaongea mkaelewana." Nikakataa kuondoka. Mwishowe akaandika, nikalipokea abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ripoti, nikalisoma nje chini ya taa. Lilisema nimepoteza kadi mbili za kamera.

Nimepoteza. Kama mtu anayepoteza kitambulisho kwenye matatu.

Waheshimiwa, kadi zangu hazikupotea. Najua zilipo: ziko kwa mtu niliyemwona uso, aliyezitoa kwenye mali yangu kwa nguvu, mbele ya watu wasiopungua kumi. Lenzi nayo haikuanguka, ilivutwa. Kama yule kijana angenivutia pochi mahali palepale, afisa yuleyule angeliandika wizi wa kutumia nguvu na pengine angetoka na gari. Kamera ina nini hata ikatolewa kwenye hesabu ya mali?

Naona kuna fikra iliyozagaa miongoni mwa polisi, walinzi, na hata baadhi yetu wapigapicha, kwamba mbele ya mtu maarufu kamera huacha kuwa mali na kuwa uchokozi, na mchokozi akinyang'anywa fimbo yake hana la kudai. Fikra hiyo haina mizizi popote katika sheria za nchi hii. Nimezisoma. Ilinibidi nizisome, maana sikuwa na wakili.

Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inaitaka Serikali ilinde hata mali ya ubunifu ya Wakenya. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kuharibu mali ya mtu kwa makusudi kuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka mitano. Hata ule mchezo wa "futa hizo" ambao mabaunsa wanauona mdogo unagusa sheria. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao inakataza mtu kuingilia data isiyo yake bila idhini, na adhabu yake inafika shilingi milioni 10 au kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili. Kamera ya leo ni kompyuta yenye jicho. Na asije mtu akaniambia kwamba Katiba inawabana watu wa Serikali tu, baunsa ni mtu binafsi. Ibara ya 20 inasema Sheria ya Haki, sura ya Katiba inayotaja haki zetu, inawafunga watu wote.

Jibu ninalopewa kila mara ni faragha. "Staa naye ana faragha yake." Ni kweli anayo, na Ibara ya 31 ndiyo inayomlinda. Lakini isomeni yote, msiishie kwenye neno la kwanza. Ibara hiyohiyo inasema kila mtu ana haki ya kutopekuliwa yeye wala mali yake, na vitu vyake visichukuliwe. Yaani kifungu anachokishika baunsa ili anipokonye kadi ndicho kinachomkataza asiniguse. Hata afisa wa polisi, ukitoa hali za dharura ambazo sheria imezitaja, lazima awe na hati ya mahakama kabla ya kupekua na kuchukua. Inakuwaje kijana aliyeajiriwa usiku mmoja awe na mamlaka kumpita polisi?

Na kwa kuwa tumeitaja faragha, niwaeleze kilichokuwamo kwenye kadi ile moja.

Usiku wa Ijumaa, yaani siku moja kabla, nilikuwa kwenye kupamba. Kwa wasioijua sherehe hii ya pwani, ni usiku wa wanawake peke yao. Mlangoni simu zinakusanywa kwenye kikapu na mabuibui yanavuliwa. Bibi harusi anaketishwa jukwaani na hina yake na dhahabu zake, na mama zake, shangazi zake na shoga zake wanacheza vichwa wazi, kwa kuwa wanajua hakuna jicho la kiume. Mimi hupewa ruhusa ya kuingia na kamera kwa kuaminiwa, na uaminifu huo ndio bidhaa yangu halisi. Picha zile nilikuwa nimeshazihamishia nyumbani, lakini sikuwa nimeifuta kadi. Kosa hilo ni langu, nalikiri, na tangu siku hiyo sijalirudia. Siku ya tamasha kadi hiyo ilikuwa kwenye nafasi ya pili ya kamera, kama akiba.

Kwa hiyo mwanamume nisiyemjua, kwa jina la kulinda faragha ya mtu aliyekuwa akishuka gari barabarani, aliondoka mfukoni na picha zaidi ya 400 za wanawake wa watu wakiwa bila mitandio.

Ilinibidi niende nikamweleze mama wa bibi harusi. Nilimkuta amekaa barazani akichambua mchele. Hakupiga kelele. Aliuweka ungo chini, akaniuliza, "Mwanangu, picha za wanangu ziko kwa nani?" Nikamwambia, "Mama, sijui." Akanyamaza, kisha akasema atamwambia mumewe yeye mwenyewe, mimi nisiseme kitu. Hajanilaumu hata siku moja. Ila mdogo wake bibi harusi aliolewa mwaka huu na sikuitwa.

Na kwa sheria picha zile wala hazikuwa zangu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Za tamasha zilikuwa zangu, maana hakuna aliyeniagiza. Za kupamba zilikuwa za familia ile. Mali ya watu wawili ilikwenda kwa kidole gumba kimoja, na abstrakti likasema nimepoteza.

Haya si ya Mombasa peke yake. Wengi wenu mnakumbuka Julai 2016, mwanamuziki wa Kongo Koffi Olomide alipotua Nairobi kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Video ilionyesha akimrushia teke mmoja wa wanenguaji wake. Yeye alikana kumpiga, lakini nchi nzima iliona, na siku iliyofuata Serikali ikamrudisha alikotoka. Kumbukeni kilichowezesha hayo: mtu alikuwa na kamera imewaka, na hakuna aliyemnyang'anya. Lau mlinzi mmoja pale uwanjani angekuwa na kidole gumba chepesi, Wizara ingekuwa na nini mkononi? Miaka minne kabla ya hapo, msanii huyohuyo alilalamikiwa jijini Lusaka kwamba alimshambulia mpigapicha kutoka Rwanda, na kesi hiyo ilimfuata Zambia kwa miaka. Mpigapicha aliyeko ugenini, bila ndugu wala wakili, lakini polisi wa Zambia waliliandika jambo lake kama shambulio. Hicho tu ndicho ninachokitafuta.

Na hata huko Marekani, ambako wapigapicha wa mastaa walifika mbali kupita kiasi, mahakama ilijua pa kuweka mpaka. Mpigapicha Ron Galella alimwandama Jacqueline Onassis, aliyekuwa mke wa Rais John Kennedy, na watoto wake miaka na miaka, bustanini, shuleni, kila pahali. Mimi nisingefanya alivyofanya, wala simtetei. Mama huyo alikwenda mahakamani, na mwaka 1973 mahakama ya rufaa ikamwekea Galella umbali wa futi 25 asiuvuke. Mwaka huohuo mwigizaji Marlon Brando alichagua njia nyingine: alimpiga Galella ngumi, akamvunja taya na kumng'oa meno, na mwishowe akamlipa dola 40,000 kwa makubaliano. Mama yule alipata ulinzi wake kwa amri ya mahakama. Brando alipata hasara.

Hapa kwetu njia hiyo ya kwanza ipo tena iko wazi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza baa moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Mteja yule hakuvunja simu ya mtu. Alilalamika, akasikilizwa. Msanii anayeona picha yangu imemdhulumu anaweza kufanya hivyohivyo, au aende kwa Baraza la Vyombo vya Habari, au anishtaki. Nitajibu. Nikikosa, nitalipa. Ila nishtakiwe nikiwa na kamera yangu.

Nisiwafiche ya upande wetu. Wapo wenzangu wanaoliaibisha jina la kazi hii. Nimewaona wakimfuata msanii msibani hadi kaburini, wakiinua simu juu ya vichwa vya wafiwa. Nimewaona wakiwapiga picha watoto wa mtu maarufu getini kwa shule. Kuna mmoja nilimwambia usoni kwamba akiendelea nitaondoka nisionekane naye, na niliondoka. Na nikiingia kwenye hoteli au ukumbi wa mtu, mwenye mahali ana haki ya kuniambia hapa hakuna picha, na nisipotii ana haki ya kunitoa. Simbishii mlinzi anayeninyooshea mkono kuniambia niondoke. Namkataa anayeunyoosha kuchukua.

Na hao mabaunsa nao nawaonea huruma kwa sehemu. Wengi wao ni vijana waliotolewa jimu asubuhi, wakavikwa fulana nyeusi jioni, wakaahidiwa pesa zao tamasha likiisha. Hakuna aliyewafundisha sheria. Wanachokijua ni kwamba picha mbaya ikitoka kesho, kazi imekwenda. Anayewatuma kwenye lango bila kuwafundisha ndiye ninayemdai mimi, kwa sababu mlinzi akiharibu mali ya mtu akiwa kazini, mwajiri wake hujibu. Lakini utamdai vipi mwajiri usiyemjua? Fulana ile haikuwa na jina la kampuni wala nambari. Niliuliza langoni, nikaambiwa "hao ni watu wa msanii". Nikauliza upande wa msanii, nikaambiwa "hao ni wa mwandalizi".

Hapo ndipo nawageukia PSRA. Tangu 2016 tuna Sheria ya Kudhibiti Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi, na inataka kila anayetoa ulinzi kwa malipo asajiliwe na apewe mafunzo. Kwa walinzi wa benki na maduka makubwa naiona ikifanya kazi: sare ipo, jina la kampuni lipo begani. Usiku wa tamasha siioni. Tembeleeni tamasha moja, si kwa barua bali kwa miguu, saa tano usiku, kwenye lango la nyuma. Waulizeni wale vijana vyeti vyao. Kisha wekeni sharti kwamba hakuna mlinzi wa tamasha bila nambari inayosomeka kifuani, na mwandalizi awe na orodha ya majina anayoweza kuwaonyesha polisi usiku uleule. Na kwenye mafunzo yao ongezeni saa moja tu ya somo hili: unaweza kusimama mbele ya kamera, unaweza kumwita polisi, huwezi kuishika wala kuifungua.

Inspekta Jenerali, kwako nina ombi ambalo halihitaji bajeti. Watumie maafisa wa vituo waraka wa ukurasa mmoja: mpigapicha akija na kamera iliyovunjwa au kadi iliyochukuliwa kwa nguvu, lisiandikwe neno "kupotea". Liandikwe lililotokea, na swali la "ulikuwa unampiga picha ya nini" lisiwe la kwanza. Hatumwulizi aliyeibiwa ng'ombe alikuwa anamlisha wapi. Na anayekuja na majeraha apewe fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha, bila kuombwa kwanza akasuluhishwe. Mimi nilikuwa na michubuko ya vidole vinne, ikafifia ndani ya wiki moja bila daktari wa polisi kuiona.

Baraza la Vyombo vya Habari, nyinyi ndio mlionipa kile kitambulisho kilichokuwa shingoni. Kila mwaka nakilipia. Kilipovutwa pamoja na mkanda wa kamera, kilivutwa na jina lenu. Mkitetea mwandishi wa gazeti kubwa aliyepigwa kwenye maandamano, tunafurahi, na mtetee vivyo hivyo anayepigwa nje ya tamasha. Najua kazi yetu ya burudani huonekana nyepesi. Lakini kamera haivunjiki kidogo kwa kuwa ilikuwa ikimpiga mwanamuziki.

Fundi wa Nairobi ameniambia lenzi haitengenezeki kwa bei ya maana, bora nitafute nyingine. Nimeshaanza tena chama.

Kadi zile ni za gigabaiti 64, nyeusi. Moja ina kibandiko cheupe nilichoandika 7 kwa kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo ya kupamba. Kama kuna yeyote kati yenu, au afisa wenu, au kijana yule mwenyewe, anayejua ilipo, naomba airudishe kwenye kituo chochote cha polisi hapa Mombasa, aikabidhi kwa afisa wa kike, na isifunguliwe. Nitakuja kuichukua mwenyewe na kuipeleka kwa mwenyewe, nikamkute pale barazani.

Wenu katika kazi,
Mpigapicha wa kujitegemea, Mombasa